Chanjo ya pili ya surua kabla ya chekechea

Dada yangu, umeuliza kama mwanao wa miaka 4, aliyekosa chanjo ya pili ya surua na rubella, ile ambayo hapa Tanzania hutolewa mtoto akitimiza miezi 18, inabidi aanze upya kabla ya kuingia chekechea. Haanzi upya. Dozi ya miezi 9 inahesabika, kwa hiyo nenda na kadi yake ya kliniki ili muuguzi aikague na kumkamilishia iliyobaki. Kadi ya binti yangu, iliyokunjwa hadi wino ukafifia, ilikuwa na kisanduku kitupu ambacho sikukiona mpaka nilipoipeleka dirishani. Tafadhali usingoje shule ifunguliwe, kwani kinga huchukua takriban wiki 2 kujengeka, na surua huenea kwa hewa darasani.