Maswali ya Wasomaji: Mfuko wa Futari na Uso wa Anayeupokea

SWALI: Assalaam alaykum, Ustadh. Sisi ni kina mama saba wa mtaa mmoja, Pasua, hapa Moshi. Tangu mwezi wa Rajabu tunachanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa wiki, ili Ramadhani ikiingia tuwanunulie futari majirani wasio na uwezo. Mwaka jana tuligawa mifuko usiku wa kuamkia 27, tukapiga picha na kuzituma kwenye kundi letu la simu ili wachangiaji waone kazi yao. Bibi mmoja mjane tuliyempa mfuko, tangu siku ile hapiti tena mbele ya nyumba yangu. Huzunguka njia ya chini. Tulikosea wapi? Na je, michango hii tunaweza kuihesabu kuwa zakatul-fitri yetu, ile sadaka ya lazima ya kumalizia Ramadhani? Tena tuna jirani Mkristo anayelea wajukuu wanne peke yake; anaweza kuwemo kwenye orodha yetu?
Mama wa Pasua

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Nitaanza na bibi, kwa sababu hayo mengine yana majibu yaliyokwishaandikwa na maulamaa, ilhali la bibi linamtaka mtu akae chini na kufikiri.

Qur'ani haikukataza sadaka ya wazi. Sura ya Baqara, aya ya 271, inaeleza kuwa kutoa kwa dhahiri ni vizuri, lakini kuificha sadaka na kuwapa mafukara ni bora zaidi; na aya ya 264 ya sura hiyohiyo inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi. Wengi wetu hudhani kwamba masimango ni lazima yatoke mdomoni. Picha ya mwanamke mtu mzima aliyeshika mfuko wa sembe, ikiwa imekaa kwenye simu za watu wasiojulikana idadi, humsimanga bila ya kutamka neno, na humsimanga upya kila inapofunguliwa, pengine mbele ya mkwe wake. Mchangiaji ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi, wala sisemi anyimwe haki hiyo. Lakini haki hiyo hutimizwa kwa picha ya magunia yakiwa sebuleni kwako, risiti ya duka, na karatasi ya hesabu inayotaja idadi ya nyumba zilizofikiwa bila ya kutaja majina. Uso wa aliyepokea haumo katika hesabu hiyo.

Sasa ombeni wote waliozipokea picha hizo wazifute, kisha nenda kwa bibi wewe mwenyewe. Msiende saba, maana ujumbe wa watu saba wanaoomba radhi ni fedheha ya pili. Usiende na mfuko mkononi. Mwombe radhi kwa maneno machache, halafu mwombe akusaidie kazi: mwaka huu mtakuwa na mchele wa kupepeta na maharage ya kuchambua kabla ya kufunga mifuko, na mikono ya wazee inajua kazi hiyo kuliko yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha watu wajikinge na moto hata kwa kipande cha tende, na mafundisho hayo hayakuwatoa mafukara. Bibi naye ana cha kutoa, ila hakuna aliyemwomba.

Jambo la pili hukuliuliza, lakini siwezi kulipita. Kwa nini mgoje usiku wa 27? Naelewa kuwa kumi la mwisho lina fadhila zake na kila mtu anautafuta Lailatul-Qadri, usiku wa cheo, lakini aliyeishiwa huanza kufunga siku moja na nyinyi. Sahaba Ibn Abbas amesimulia kuwa Mtume alikuwa mkarimu kuliko watu wote, na alizidi kuwa mkarimu katika Ramadhani Jibrili alipokuwa akikutana naye, na kukutana huko kulikuwa kila usiku wa mwezi huo. Gawanyeni fungu lenu mara mbili, nusu kabla ya mwezi kuandama na nusu katikati. Mwaka mmoja nilimpelekea mzee mmoja, si mbali na soko la Mbuyuni, kilo tano za maharage makavu, nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu. Wiki mbili baadaye nikazikuta kilo zote tano zikiwa juu ya kabati, fundo la mfuko likiwa vilevile nilivyolifunga. Alikuwa akifuturu kwa uji na kipande cha muhogo alichopewa na jirani, kwa kuwa maharage yale yalitaka mkaa wa saa mbili na yeye mkaa alikuwa akiununua kwa kikopo. Tangu hapo, kabla sijanunua chochote, huangalia kwanza jiko la ninayempelekea.

Kuhusu zakatul-fitri, hapana, michango hiyo haigeuki kuwa fitri kwa kuwa tu imetolewa kwa maskini. Mlichanga kwa nia ya sadaka ya hiari, na fitri ni wajibu unaotaka nia yake. Kipimo chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kikuu cha mji kwa kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mchanga. Kwa mchele wengi hukadiria kilo 2.5, na wanaopenda tahadhari hutoa kilo 3. Kwa hiyo nyumba ya watu sita itatoa kilo 15 kwa uchache. Anayewajibika ni yule mwenye kuwalisha watu wa nyumba hiyo, kwa kawaida mume. Hata hivyo kikundi chenu kinaweza kuwa wakala: kila nyumba iwape fedha ya fitri yake ikiwa mbali na ule mchango, nanyi mnunue mchele na kuufikisha kabla ya swala ya Idi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, inajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani. Ikichelewa hadi baada ya swala, Ibn Abbas amepokea kuwa inakuwa sadaka kama sadaka nyingine.

Jirani yenu Mkristo mpeni katika fungu la hiari, tena bila ya kusitasita. Sura ya Mumtahina, aya ya 8, haikatazi kuwafanyia wema wasiowapiga vita, na Asmaa binti wa Abubakar alipouliza kuhusu mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, Mtume alimwambia aunge naye udugu. Fitri na zakati ya mali, kwa kauli ya maulamaa wengi, ni za Waislamu.

SWALI: Huku kwetu mlimani chakula ni ndizi. Je, naweza kutoa mkungu wa mshare, ndizi yetu ya kupika, kutoka kihambani, shambani kwetu, kuwa fitri?
Msomaji wa Moshi Vijijini

JIBU: Mtori wa mshare ni chakula cha heshima, na mkungu wako utakuwa sadaka njema sana. Fitri kwa Mashafii, hata hivyo, hutolewa katika vyakula vinavyowekeka, kama nafaka na tende, na ndizi huiva ndani ya siku chache. Toa mchele au mahindi ya punje. Ukiuza mikungu yako sokoni na kununua mchele, ndizi zako zitakuwa zimefika palepale.

SWALI: Nina duka la nguo mjini na kila Ramadhani hutoa zakati. Naweza kumpa mama yangu, au kaka yangu aliyezama katika madeni ya ada za watoto?
Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Mama yako hapana. Akiwa hana uwezo, matunzo yake ni deni lako tayari, na zakati hailipi deni hilo. Kaka yako ndiyo, kwa kuwa wenye madeni wametajwa miongoni mwa makundi manane ya Sura ya Tawba, aya ya 60, na kumpa ndugu maskini kuna thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Angalia tu kwamba zakati hufuata mwaka wa mali yako: thamani ya bidhaa pamoja na fedha taslimu ikifikia gramu 85 za dhahabu na kutimiza mwaka wa mwezi mwandamo, unatoa asilimia 2.5, yaani 25,000 katika kila 1,000,000. Mwaka ukitimia mwezi wa Safar, yaani Mfungo Tano, usimwache kaka akidaiwa hadi Ramadhani. Wala si lazima umwambie kuwa ni zakati. Mpe kama kaka anavyompa kaka, na nia ibaki moyoni mwako.