Tipu za Uber na Lyft: kwa wadogo zangu mnaoanza kuendesha huku Minnesota

Wakuu, kila dogo anayeanza kuendesha Uber na Lyft, hizi apu za kuita gari, hapa Minneapolis ananiuliza kitu kimoja kabla hata hajaulizia bima, kwamba eti broo tipu zipoje, mana kaambiwa na binamu yake wa Texas kwamba Marekani dereva anaishi kwa tipu. Anayeishi kwa tipu huku ni weita wa restoranti bwana, sio sisi.

Mi kabla ya kuja huku nilikuwa dereva Dar, na kule hata hatusemi tipu, nauli imesoma 6,200 abiria anakupa 7,000 anakwambia hiyo nyingine kunywa soda, anashuka, mmemalizana, hela umeishika. Huku inakuja kimya kimya kwenye simu, saa nyingine keshokutwa yake, na hapo ndo vijana wanapochanganyikiwa. Ipo hivi: abiria akishashuka apu yake inamletea nyota za kukupa wewe, halafu inamuuliza kama anataka kuongeza chochote, anagusa kiasi au anafunga simu anaingia kwake. Wewe muda huo umeshampa nyota zake, umeshakubali rekwesti nyingine, huna habari. Akiweka, utaiona imekaa kwenye tripu ile ile, na iwe Uber iwe Lyft hawakati hata senti, yote yako.

Lyft kitufe cha tipu wanacho tangu walivyoanza 2012. Uber waligoma mpaka Juni 2017, na walipofungua walianza na miji mitatu tu, Seattle, Houston na hapa hapa kwetu Minneapolis. Miaka yote kabla ya hapo walikuwa wanawaambia abiria tipu haihitajiki, kwahiyo ukikutana na mteja wa zamani hajawahi kutoa hata dola, sio kwamba ana roho mbaya, kazoeshwa hivyo.

Sasa namba, mana mtu akikwambia kwa mdomo huwezi amini. Kuna wachumi, mmoja wao John List ambaye alikuwa mchumi mkuu wa Uber, walichambua safari kama milioni 40 za mwaka huo huo 2017, wakatoa majibu 2019. Safari zilizopata tipu zilikuwa asilimia 16 tu. Abiria sita kati ya kumi hawakutoa hata mara moja kwa kipindi chote walichoangaliwa, na wanaotoa kila safari ni mmoja kwenye mia. Yaani siku umebeba watu ishirini, watatu ndo wamekukumbuka, na hiyo ni siku ya kawaida kabisa wala hujakosea chochote. Dogo mmoja alinipigia usiku karibu alie, kaendesha masaa kumi kapata tipu mbili, anauliza kama lafudhi yake ndo shida. Nikamwambia lala.

Tena kuna maneno utayasikia mpaka uchoke, "nitakuwekea kwenye apu". Winta yangu ya kwanza nilimchukua jamaa eapoti, Terminal 1, baridi ile ya kukausha pua, ana mabegi matatu makubwa, nikashuka nikapakia yote mwenyewe, njiani stori mpaka basi, anauliza Serengeti, anauliza Kilimanjaro, mpaka picha za watoto wake kanionyesha. Kufika kwake nikabeba mabegi mpaka mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili, wewe ni dereva bora nimewahi kupata, nitakuwekea kwenye apu. Nikasubiri siku tatu nafungua fungua ile tripu kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Sifuri. Wiki hiyo hiyo nikambeba mama mmoja saa kumi alfajiri anaenda zamu hospitali, toka anaingia mpaka anashuka hajasema kitu zaidi ya asante, nikaja kuona dola nane. Toka siku hiyo nimeacha kusoma sura za watu.

Ila kuna vitu vinavyowafanya wale wachache wanaotoa wasibadilishe mawazo, na cha kwanza wala sio stori wala maji ya chupa, ni mahali unaposimamisha gari. Winta huku magreda yakipita yanasukumia theluji pembeni ya barabara, inakuwa lundo la kufika magotini. Dereva mgeni anasimama palipo na alama kwenye ramani, abiria anafungua mlango mbele yake ukuta wa theluji, anaruka na viatu vya ofisi, soksi zimelowa, hapo hata ungekuwa na gari kama sebule ya waziri hupati kitu. Sogea mita tano, tafuta penye njia ya gereji au palipochotwa, simama mlango wa nyuma uangalie hapo. Hii peke yake imenipa hela kuliko chaja zote nilizonunua. Mengine ni ya kawaida, gari lisinuke chakula, buti liwe tupu (wengine mnatembea na matairi ya spea mawili na magunia, mabegi ya watu yakae wapi), akivaa earphone na wewe kaa kimya.

Kikopo kilichoandikwa TIPS usiweke. Najua kuna wakubwa wetu wanaweka na wanasema kinafanya kazi, mi naona kinafanya abiria ajione yuko kwa ombaomba, na mwenye kununa anahamishia hasira kwenye nyota. Na usije ukamuuliza mtu mbona hujaweka.

Bili zako pigia hesabu nauli tu. Hapa Minnesota toka Desemba 1, 2024 sheria inataka dereva apate angalau dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika ukiwa na abiria, kwahiyo maili 10 za dakika 25 kwa wastani haitakiwi ushuke chini ya dola 20.55 (wanapima kwa jumla ya kipindi cha malipo, sio tripu moja moja). Hiyo ndo uifanyie bajeti ya rejesho la gari. Tipu ni hela ya mboga.

Halafu kodi, hapa nisikilizeni vizuri mana wengi wanadanganyana. Mmesikia tipu hazina kodi siku hizi. Sheria ya 2025 inakuruhusu kupunguza mpaka dola 25,000 za tipu kwenye kipato chako, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028, na ni kodi ya mapato ya serikali kuu, sio ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, ile unalipa kama kawaida. Na huwezi kupunguza zaidi ya faida uliyobaki nayo kwenye hiyo kazi. Sasa sisi kwenye kipato tunatoa senti 70 kwa kila maili ya kazi ya 2025 kama gharama ya gari, ukiendesha sana faida kwenye karatasi inabaki ndogo, na huo msamaha wa tipu unakuwa mdogo hivyo hivyo. Kwahiyo maili andika kila siku, usisubiri Machi wakati wa kujaza kodi ndo uanze kukumbuka. Na ile noti ya dola tano mtu aliyokupa mkononi nayo ni kipato, inaandikwa. Mi nina kidaftari kwenye mfuko wa mlango, ukurasa mmoja wiki moja, tarehe, kesh, maili, basi.