"Shall" na "may": neno dogo lililoniachia magunia 30 ya dagaa

Mwaka juzi nilisaini mkataba wa kuuza dagaa, kurasa nne za Kiingereza, juu ya meza ya duka pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mnunuzi alikuwa na haraka, nami nilikuwa na hamu ya kupata mteja wa kudumu. Nilichosoma vizuri ni bei tu.

Muuzaji "shall deliver" magunia 40 kila mwezi, mnunuzi "may purchase" kwa bei iliyotajwa. Nikaelewa kwamba mimi nitaleta, yeye atanunua. Nikakopa, nikawalipa wavuvi wa Ukerewe mapema, maana dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea hawaifuati. Mzigo ukafika, akachukua magunia 10. Yale 30 yakakutwa na mvua. Dagaa wakishika unyevu unawajua kwa harufu kabla hujafungua gunia, na hapo bei ni ya chakula cha kuku.

Nilipokwenda kulalamika, mwanasheria aliweka kidole juu ya "may", akanyamaza.

Shuleni tuliambiwa "shall" ni wakati ujao. Kwenye mkataba ni wajibu: usipotekeleza, umeuvunja. "May" ni ile ile ya darasani, "May I go out?" Mwalimu akikubali amekupa ruhusa, hajakulazimisha utoke. Mnunuzi wangu alikuwa na ruhusa ya kununua, basi. Hata Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kifungu cha 53, inayatenganisha hivyo maneno haya yanapotumika katika sheria zilizotungwa: "may" hiari, "shall" lazima. Ila angalia "may not". Hiyo si hiari hata kidogo, ni katazo. Ukiambiwa "may not" uza kwa mwingine, umefungwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kusaini chukua kalamu, piga mstari chini ya kila "shall" na kila "may", na pembeni andika inamhusu nani. Ukikuta "shall" zote ni zako na "may" zote ni zake, usisaini siku hiyo, hata kama gari linakusubiri nje.

Na mkataba si lazima uwe wa Kiingereza. Wa kwangu wa sasa ni wa Kiswahili, ukurasa mmoja. Mnunuzi mpya alikuwa ameandika "anaweza kununua". Nilimrudishia karatasi, tukabishana karibu saa nzima, mwishowe akaandika kwa mkono wake: "atalazimika kununua magunia yasiyopungua 20 kila mwezi."