Chupa Tatu za Kila Jioni: Nipunguze au Niendelee?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, mkazi wa Ipuli hapa Tabora mjini, na ni karani katika ghala la tumbaku. Kwa miaka mingi, nikitoka kazini saa kumi na mbili jioni hupitia grosari iliyo njiani, nikakaa na wenzangu chini ya mwembe tukizungumza habari za kazi na mpira. Mhudumu akiniona tu natokea barabarani huniletea bia ya kwanza kabla sijaketi. Ya pili naagiza mwenyewe, na ya tatu huja kwa sababu mmoja wetu amenunua raundi. Siyumbi, sigombani na mtu, na kazini sichelewi. Mke wangu hajalalamika, isipokuwa hivi karibuni alinieleza kwamba watoto wakiwa na jambo la shule husubiri asubuhi ndipo waniulize.

Mwezi uliopita nilipimwa nikakutwa na presha ya 152 kwa 96, nikaanzishiwa dawa. Nilipoulizwa kama ninakunywa pombe nilijibu, "Kidogo." Tangu siku hiyo nimekuwa na mashaka, hasa kwa kuwa huamka saa nane usiku na usingizi usirudi. Je, mtu ambaye si mlevi ana sababu ya kupunguza? Na akipunguza, atawaambia nini wenzake?

Msomaji, Tabora

JIBU

Ndugu yangu, swali lako umelijenga juu ya ulevi, na hapo ndipo wanywaji wengi wa jioni hukwama, kwa sababu mtu akishajiridhisha kwamba hayumbi wala hagombani huona hana tena la kuamua. Tuanze na kiasi unachokunywa.

Bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kileo halisi, kwa hiyo chupa tatu ni gramu 60. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 ambalo wahudumu wa afya hulitumia kupima unywaji, na humo kinywaji kimoja huhesabiwa kuwa gramu 10. Alama za juu kabisa ni 40, na anayepata 8 au zaidi huhesabiwa kwamba unywaji wake umeingia katika hatari. Nimeyajibu maswali matatu ya kwanza kwa kufuata barua yako, yaani unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa siku ya kawaida, na mara ngapi unafikia vinywaji sita kwa siku moja. Hayo matatu peke yake yanakupa alama 10, kabla hatujagusa swali lolote linalohusu madhara. Kwa hiyo sababu ya kupunguza unayo, tena kubwa.

Sasa usingizi. Ini la mtu mzima huondoa takribani gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa. Ukianza kunywa saa kumi na mbili na nusu jioni, gramu 60 huisha mwilini kati ya saa sita na nusu na saa tisa usiku, na wewe unaamka saa nane. Pombe humlaza mtu haraka mwanzoni mwa usiku, lakini inapokwisha usingizi huwa mwepesi na hukatika. Wengi huamini kwamba bia ndiyo inayowapa usingizi, kwa hiyo wakianza kuamka usiku huongeza chupa, na hali huzidi kuwa mbaya.

Lililonisumbua zaidi katika barua yako ni lile jibu la "kidogo". Kunywa kiasi chako kila siku hupandisha presha, na kwa wanywaji wengi wanaopunguza kwa kweli presha hushuka ndani ya wiki chache. Daktari asiyelijua hilo anaweza kuona dawa haitoshi, akakuongezea, wakati sehemu ya tatizo iko mezani kila jioni. Ukirudi kliniki taja idadi ya chupa. Dawa nayo usiiruke kwa kuwa siku hiyo utakunywa, muulize aliyekuandikia. Jua pia kwamba tangu mwaka 1988 pombe imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani, ikiwamo ya koo, umio na ini, na kwamba Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya.

Rudi sasa kwenye maelezo yako mwenyewe, kwa maana umeandika jambo ambalo nadhani hukuliona. Chupa ya kwanza inakuja kabla hujaketi. Ya tatu inakuja kwa sababu ni zamu ya mtu kununua. Katika tatu hizo ni moja tu unayoitaka mwenyewe. Kinachokupeleka pale, kwa jinsi ninavyokusoma, ni wenzako, kivuli cha mwembe na saa moja ya kupumua kabla ya kufika nyumbani, na hivyo vyote unaweza kuvipata kwa bia moja, na siku nyingine bila hata moja. Mkeo naye amekueleza jambo zito kuliko lalamiko: wanao wamekwisha kujifunza kwamba jioni baba hayupo hata akiwa amekaa sebuleni.

Kabla hujapunguza chochote, nijibu hili kwa ukweli. Je, asubuhi mikono hutetemeka, hutoka jasho, au hutulia baada tu ya kunywa? Kama ndivyo, usikate ghafla, kwa sababu mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata kifafa na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hilo. Nenda kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, upunguziwe chini ya uangalizi.

Kama dalili hizo huna, jipe mwezi mmoja. Mwambie mhudumu kwamba kuanzia sasa akuletee maji kwanza, na bia uiagize mwenyewe ukiitaka. Chupa ya tatu iondoke kabisa, kisha ya pili, na jioni mbili au tatu za kila wiki uende nyumbani moja kwa moja. Andika kila siku ulichokunywa, usiku huohuo. Usihamie pombe kali, kwa kuwa mililita 200 za kinywaji cha asilimia 35 zinakaribia bia zako tatu. Wanzuki ya sherehe nayo ihesabu, ingawa haina lebo ya kukuonesha ukali wake.

Wenzako waambie kwamba umeanzishiwa dawa ya presha, na usiongeze maelezo. Zamu yako ya raundi endelea kuilipa, nawe uchukue maji au soda. Anayejitoa kwenye raundi huonekana mchoyo, lakini anayelipa na kunywa maji husumbuliwa siku chache tu, kisha huachwa.

Mwezi ukiisha, pima presha na usome ulichoandika. Ukiona umekaa ndani ya mpaka wako bila shida, endelea kushusha. Ukiona kila mpaka uliojiwekea ulivunjika ingawa ulikusudia kuushika, basi kupunguza hakukufai, na ninakushauri uache kabisa, ukiwa na daktari anayejua idadi halisi ya chupa na mke anayejua siku uliyoanza.