Mkono umepooza au umekufa ganzi?

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, anahoji wagonjwa katika utafiti wa magonjwa ya mfumo wa neva. Anauliza: "Dodoso letu lina swali, 'Je, umewahi kupooza mkono au mguu?' Wavuvi kadhaa wa mwaloni Kirumba walijibu ndiyo, kumbe walimaanisha ganzi ya kuvuta nyavu usiku kucha. Kupooza na kufa ganzi ni kitu kimoja? Na tuseme mfumo wa neva au mfumo wa fahamu?"

Si kitu kimoja hata kidogo, na dodoso linaloyachanganya litazaa takwimu za uongo. Aliyepooza kiungo hawezi kukisogeza. Mwenye ganzi hasikii kinapoguswa. Daktari wa meno akikuchoma sindano ya ganzi, maumivu ya jino huyasikii, lakini taya unaifungua mwenyewe. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kukanyaga msumari akaendelea kutembea bila kujua. Mguu wake una ganzi, haujapooza. Aliyepoozeshwa na polio, kinyume chake, mguu hauinuki ila ukimfinya anasikia.

Vipimo vya hospitali huyatenga. Kipimo cha kiharusi cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani humtaka mgonjwa ashikilie mkono hewani kwa sekunde 10 na mguu kwa sekunde 5, na kila kiungo hupewa alama kuanzia 0 hadi 4. Hisia hupimwa kando, kwa kuchomwa kidogo na pini, alama 0 hadi 2. Dodoso lenu limeyabana yote mawili katika swali moja.

Mitaani maneno haya yameshikana. Ukisema "baba amepooza", jirani anaelewa amepata kiharusi, ingawa kuumia uti wa mgongo nako hupoozesha. Kisha kuna "kufa": mkono uliokufa ganzi umepoteza hisia, lakini "upande mmoja umekufa" ni kupooza. Mhoji akisikia "umekufa", aulize zaidi kabla ya kuandika.

Mimi ningeuliza maswali mawili: "Je, umewahi kushindwa kuinua mkono au mguu?" na "Je, kuna sehemu ya mwili ambayo ukiguswa husikii?" Nasisitiza "husikii". Wapo wahariri wanaolifuta wakidai kusikia ni kazi ya masikio tu. Wanakosea. Mswahili husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu. "Kuhisi" nalo ni sahihi, lakini hubeba pia maana ya kudhani, na hapo jibu linaweza kuyumba.

Neva au fahamu? Yote yanakubalika. Katika ripoti ningechagua neva, kwa sababu aliyepoteza fahamu ni aliyezimia, na mgonjwa akisikia fahamu zake zina ugonjwa anaweza kudhani mnamwita mwendawazimu.