Kuwahudumia Manusura wa Mabomu Ugenini: Jawabu kwa Msomaji wa Kisauni

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Nimehitimu tiba ya viungo na nina mwaka mmoja wa kazi. Wakala mmoja hapa mjini ameniahidi nafasi ya miezi mitatu ya kuwahudumia wakimbizi wa Myanmar na manusura wa mabomu ya kutegwa ardhini huko Mae Sot, Thailand, mradi nimlipe ada na niingie kwa viza ya utalii. Mama hajaridhia. Niende?
Msomaji, Kisauni

JAWABU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mamako ana haki ya kusita, na ningekuomba uachane na wakala huyo. Sheria ya Thailand inamtaka mgeni awe na kibali cha kazi hata kama kazi yenyewe haina mshahara, na kambi za mpakani kama Mae La haziingiliki bila ruhusa ya serikali. Isitoshe, Umoja wa Mataifa una mpango wake wa watu wa kujitolea, ambao humpa mhusika posho ya kujikimu badala ya kumtoza ada.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hiyo miezi mitatu. Mguu bandia haupewi mtu mara moja ukaisha: mtoto, kwa kuwa mifupa yake ingali inakua, huhitaji mwingine takriban kila miezi sita, na mtu mzima kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kigutu nacho hunywea kadiri uvimbe unavyopungua, soketi, yaani sehemu ya mguu bandia inayokishika kigutu, ikalegea na ngozi ikachubuka, ndipo mgonjwa anapoyarudia magongo yake ikiwa hapana wa kumrekebishia. Kwa hesabu hiyo utakuwa umeshaondoka kabla mtoto uliyemfundisha kutembea hajarudi kupimwa mguu wa pili. Wagonjwa wapya nao hawakatiki, kwani Myanmar haijajiunga na Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 unaopiga marufuku mabomu hayo, na bado yanategwa.

Wanaobaki na wagonjwa ni mafundi wa huko huko, ambao baadhi yao wamepoteza miguu kwa mabomu hayo hayo, na wanaijua kazi kuliko wageni wengi wanaokwenda kuwafunza. Kabla ya kukubali nafasi yoyote, uliza ni nani atakayekusimamia, nani atakayekutafsiria Kiburma na Kikaren, na nani atakayewapokea wagonjwa wako utakapoondoka. Usipojibiwa waziwazi, usiende. Na picha za wagonjwa usizisambaze bila ridhaa yao.

Kwa maoni yangu, mwaka mmoja wa kazi ni mchache. Anzia kwanza hapa Kenya: kambi ya Dadaab ina wakimbizi tangu mwaka 1991 na ya Kakuma tangu 1992, nao wamo wenye ulemavu wanaohitaji ujuzi wako, tena baadhi yao mtaelewana kwa Kiswahili. (Hapo kwenu Kisauni, waulize wazee wakuhadithie kambi ya Wasomali ya Utange ya miaka ya 1990.) Ukishafanya kazi huko mwaka mmoja au miwili, omba nafasi ya Mae Sot ya muda usiopungua mwaka, kupitia shirika litakalokushughulikia kibali. Hapo ndipo utakapohitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Thailand humdai msafiri atokaye Kenya. Chanjo yenyewe ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri.