Matibabu Yamekwisha, Mbona Uchovu na Hofu Bado Vipo?

SWALI: Assalaamu alaykum, Daktari. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, na umri wangu ni miaka 34. Nilitibiwa saratani ya damu, ile inayoitwa ALL, jijini Dar es Salaam, na miezi mitano iliyopita niliambiwa kuwa dawa zimekwisha na ugonjwa hauonekani tena. Nyumbani walinisomea maulidi ya shukurani. Tangu siku hiyo kila mtu ananiona mzima, lakini nikifua nguo chache tu nalazimika kujinyoosha kitandani, nyayo zangu zina ganzi, na nikihisi joto kidogo nadhani maradhi yamerudi. Mama mkwe anasema nimezoea kuuguzwa, na jirani ananishauri nipige hijama ili damu chafu itoke. Je, nina kasoro gani? (Bi M., Wete)

JIBU: Waalaykum salaam, Bi M. Huna kasoro. Uchovu wa baada ya dawa za saratani ni wa namna yake: hauondoki kwa kulala, na unaweza kuendelea kwa miezi mingi, kwa wengine hata miaka. Hata hivyo usiuvumilie kabla ya kupimwa, kwa sababu upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingo na huzuni iliyojificha huleta uchovu kama huo, na vyote vina tiba. Vikikosekana, kinachosaidia ni kutembea kidogo kila siku na kuongeza mwendo polepole, ingawa ukiwa umechoka ushauri huu huudhi kuusikia. Ganzi ya nyayo aghalabu husababishwa na vinkristini, dawa inayodhuru mishipa ya fahamu. Kwa kawaida hupungua taratibu, lakini kwa sasa usitembee pekupeku, kwani unaweza kujikata usihisi.

Kwa mama mkwe, nakushauri umtajie kazi badala ya hali. Mtu akiambiwa “nimechoka” hujibu kwamba hata yeye amechoka. Akiambiwa “kupika nitapika, ila ndoo ya maji siwezi kuinyanyua,” anajua la kufanya.

Hofu yako ina msingi, kwa kuwa ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, na ndiyo maana vipimo vya damu huwa vya karibu karibu wakati huu. Nunua kipimajoto. Kikionesha nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ueleze historia yako, upimwe malaria na hesabu kamili ya chembe za damu. Fanya hivyo pia ukiona michubuko isiyo na sababu, damu kwenye fizi au tezi zilizovimba.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni karatasi. Wewe unaishi Pemba na jalada lako liko ng'ambo ya bahari, kwa hiyo safari ijayo ya kliniki omba muhtasari wa matibabu ulioandikwa majina ya dawa zote na jumla ya kipimo cha kila moja. Baadhi ya dawa za ALL, kama vile daunorubisini na doksorubisini, zinaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye, na mkunga atakayekupokea ukijaaliwa ujauzito anapaswa kulijua hilo mapema ili moyo wako uchunguzwe. Kuhusu lini ni salama kushika mimba, zungumza na daktari wako, mumeo akiwepo.

Ama hijama, saratani hii huanzia kwenye uboho ndani ya mifupa, kwa hiyo hakuna damu chafu iliyokusanyika mgongoni ikingoja kutolewa. Mikato ya wembe kwa mtu ambaye kinga na chembe zake za kugandisha damu huenda hazijatengemaa huweza kuleta maambukizi au kutoka damu kwingi. Mwambie jirani kwamba umekatazwa na daktari.